Mnakodi chombo na mabaharia wake Tanga? Pangeni msosi na adabu kabla hamjapanda

Kila ikikaribia Idi au mwisho wa mwaka simu yangu haipumziki, watu wa Dar, Arusha, Moshi mpaka Nairobi wanataka mashua au katamarani, ile boti ya matumbo mawili, ya siku mbili tatu, waanzie Raskazone au Pangani, wazunguke mafungu na visiwa, walale humohumo chomboni. Maswali ni yaleyale: bei gani, kuna choo, simu inashika, tunapiga picha wapi. Sawa, ya muhimu yote hayo. Ila ni wachache sana wanaouliza mabaharia watakula nini, saa ngapi, na nani, na chakula chao kiko kwenye hela ya nani. Mimi nimepika kwenye vyombo kabla sijaingia kwenye hii kazi ya kupanga safari, na nakuambia manung'uniko mengi yanaanzia kwenye sahani. Upepo na mawimbi watu huwa wanasameheana, sahani hawasameheani.

Sasa naandika jinsi ya kulipanga hili jambo vizuri, kwa ajili ya watu wanaokuja kwetu huku.

Kwanza mjue mnakaa na nani

Kwenye mashua kubwa au jahazi kuna nahodha, kuna msaidizi wake ambaye wazee bado wanamwita sarahangi, kuna mabaharia wa kamba na nanga, kuna mpishi. Kwenye vyombo vidogo mpishi huyohuyo ndo baharia, anaacha mwiko anakimbilia kamba, kwa hiyo wali ukichelewa kidogo mjue kuna kazi imeingilia. Kwenye katamarani za kisasa mara nyingi ni watu wawili tu, nahodha na mpishi, na wao ndo wanafanya kila kitu mpaka kufua taulo.

Mkifika ufukweni salimieni kabla ya kuanza kurusha mabegi. Nahodha mara nyingi ni mtu mzima, shikamoo yake anaistahili hata kama wewe ndo uliyelipa, na mwite nahodha, au mzee kama umri unaruhusu. Vijana nao wana majina, ulizeni siku ya kwanza mkayashike. Habari ya "we dogo lete maji" haipendezi, mtu huyo usiku ndo anakesha kuangalia nanga isiburuzwe wewe ukiwa umelala. Ukimwita kwa jina lake ukamwambia "kaka, nisaidie maji" anakuletea na tabasamu, na safari nzima inabadilika.

Na nahodha akisema hatuendi, hamwendi. Hela yenu imekodi chombo na kazi ya watu, uamuzi wa bahari haujauzwa. Hili linagusa mpaka chakula. Chukua Maziwe, kile kisiwa cha mbele ya Ushongo, ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linafunikwa lote. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huku kwetu maji yanakupwa mida ya saa nne asubuhi na yanajaa mida ya saa kumi jioni, maana yake mkitaka kula mkiwa mmekaa kwenye mchanga mnatoka alfajiri, mnakula mapema, na nahodha akisema kusanyeni vyombo mnakusanya hata kama samaki yuko nusu sahani. Siku za maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, saa zinageuka kabisa. Kwa hiyo usimpe nahodha ratiba ya milo uliyoiandika ofisini Dar, mpe orodha ya vitu mnavyotaka kula na mwachie yeye saa.

Swali la hela ya chakula liulizwe mapema

Hapa kwetu hakuna mtindo mmoja. Wengine wanakupa bei ya kila kitu, chakula chenu na cha mabaharia kimo ndani. Wengine wanakupa bei ya chombo na watu wake, sokoni mnaenda nyie, wao wanapika. Wengine wanataka muwape hela mpishi akanunue mwenyewe arudi na hesabu. Yote sawa, kila mtindo una raha yake. Tatizo ni pale kila upande unapodhani mwenzake amenunua, mnafika katikati ya maji mnakuta mchele wa watu wanane na midomo kumi na mbili.

Kuna wanaosoma mambo ya nje wakaja na matarajio ya kule, kwa hiyo niseme kidogo. Karibea, hasa Visiwa vya Virgin vya Uingereza, katamarani yenye nahodha na mpishi kwa kawaida inauzwa bei moja na milo mitatu ndani yake. Mediterania kwenye yale maboti ya kifahari unalipa bei ya chombo halafu unaweka pesa ya matumizi pembeni, mara nyingi kama asilimia 25 mpaka 35 ya ile bei, nahodha anaitumia kwa chakula, mafuta na ada za bandari, anatunza risiti, inayobaki mnarudishiwa. Kroatia kwenye zile gulet za mbao utakuta wengi wanauza chai ya asubuhi na mlo mmoja, mwingine mnashuka kula nchi kavu. Na ukikodi boti kule yenye nahodha peke yake bila mpishi, desturi ni wageni wamlishe: anakula mnachopika, na mkishuka mgahawani mnamkaribisha mezani au mnampa hela ya chakula kama anataka jioni yake apumzike. Hiyo ya mwisho ndo naipenda tuige, maana inaanza na kumhesabu mtu wa kazi kwenye chungu.

Kwa Tanga, mtu mmoja kwenye kundi lenu ambaye ndo atakuwa msemaji atume ujumbe kama huu, siku tatu nne kabla, na asubiri majibu:

"Shikamoo nahodha. Sisi tuko watu wazima sita na watoto wawili. Nyie mtakuwa wangapi? Chakula chenu kimo kwenye bei au tununue wote pamoja? Mnapenda kula na wageni au mnakula kwa nafasi yenu? Kuna kitu ambacho hamtaki kipandishwe chomboni? Mtoto mmoja kamba wanamdhuru, na mama yetu ana kisukari."

Ujumbe mmoja tu huo umemaliza ugomvi wote. Hayo ya mwisho ya aleji na magonjwa msiyaone madogo, mpishi akikaanga kamba halafu akatumia mafuta yaleyale kukaanga samaki wa mtoto, mko baharini, hospitali iko masaa mawili matatu kwa upepo mzuri. Andikeni kila kitu: nani hali karanga, nani ana presha apunguziwe chumvi, nani mjamzito harufu ya pweza inamsumbua, nani anafunga Jumatatu na Alhamisi, nani hali nyama kabisa. Mpishi akiwa na hiyo orodha anajua chungu gani atenge.

Kuhesabu chakula

Hesabuni midomo yote, ya mabaharia ikiwemo, halafu ongezeni. Nyumbani kilo ya mchele inalisha watu saba wanane, baharini weka watano, upepo unatia njaa na kijana aliyevuta nanga anakula kuliko mtu aliyekaa kwenye kiti. Kwa watu 12 mlo mmoja wa wali ni kilo 2 na nusu, nazi tano kubwa. Samaki mzima ambaye hajaparwa weka nusu kilo kwa mtu. Maji ya kunywa na kupikia lita 4 mpaka 5 kwa mtu kwa siku, na hapa msibane bajeti hata kidogo. Matunda mengi, hasa machungwa ya Muheza na ndizi, maana kuna masaa hamna mtu atakayetaka kula kitu kingine.

Mboga, viazi, tangawizi na ndimu chukueni soko la Mgandini, samaki wa siku ya kwanza pale Deep Sea wanaposhushia wavuvi, asubuhi mapema vyombo vinaporudi. Ila nendeni na mpishi jamani. Yeye anajua jiko lake linabeba nini na anajua kuchagua. Nimemwona mpishi mmoja pale anamshika changu kwa vidole viwili ubavuni, anabonyeza, anamfunua shavu, anamrudisha bila kusema neno, anachukua mwingine. Alichokuwa anakitafuta ni nyama iliyolegea na damu iliyovilia ndani, samaki aliyevuliwa kwa baruti ndo anakuwa hivyo, mifupa imepasuka na nyama haishiki. Usimnunue huyo hata akiwa nusu bei, mwambao wetu wa Tanga umeumia sana na baruti na kila anayenunua anamlipa mpigaji.

Bebeni kwa vikapu na ndoo, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na ukiwa baharini upepo ukiuchukua hauurudishi. Mpangilio wa kula ni kwamba nyama na kuku vinaliwa siku ya kwanza barafu ikiwa bado ngumu, siku ya pili mnategemea samaki wa wavuvi mtakaokutana nao, na siku ya mwisho kunde, maharage, dagaa, vitu visivyooza. Mkikutana na ngalawa ina pweza au kolekole, bei mwachieni nahodha aongee, wanajuana wale, na nyie mkikurupuka kutaja bei mnaharibu soko la watu.

Humohumo kwenye kununua: ukiletewa nyama ya kasa kataa. Kasa ni mnyama anayelindwa, na zaidi ya hapo nyama yake inaweza kuua, Machi 2024 kule Pemba kisiwa cha Panza walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja baada ya kuila. Silikanti naye, yule samaki wa kale ambaye hifadhi yetu ya bahari ya Tanga iliyoanzishwa 2009 imebeba jina lake, si wa mezani, msimuulizie.

Dini, pombe na vitu vya kuuliza

Mabaharia wengi wa Tanga, Pangani na Pemba ni Waislamu. Nguruwe usipande naye, hata soseji zilizofungwa vizuri kwenye pakiti, vyungu ni vya watu na wanavirudisha majumbani kwao. Pombe inategemea chombo: kuna wenye chombo hawataki kabisa, kuna wanaoruhusu mradi msimwombe baharia awafungulie wala kuwabebea, na hakuna chombo chochote cha maana ambacho nahodha atakubali mtu aliyelewa akae karibu na ukingo usiku. Ulizeni kwenye ule ujumbe, mkiambiwa hapana ni hapana, madafu yapo.

Wakati wa swala baharia mmoja mmoja atajitenga akaswali, mara nyingi upande wa tezi, nyuma ya chombo, ambako kuna nafasi. Msipite mbele yake, punguzeni muziki dakika chache, basi. Mkiwa na Ijumaa katikati ya safari muulizeni nahodha kama wanataka kushuka kuswali nchi kavu, watu wengi hawasemi mpaka waulizwe, na mkipanga mapema nyie mnapata masaa mawili ya kuogelea hamna aliyekosa.

Ramadhani ni jambo zito zaidi. Mpishi aliyefunga anawapikia nyie mchana kutwa na harufu yote inampita puani, analifanya kwa moyo mweupe, lakini msimwambie aonje chumvi. Mlo wa jioni upangeni magharibi ili wafuturu kwa wakati, tende na maji viwe tayari mikononi mwao kabla ya adhana kwenye simu kulia, na nyie kama mnaweza subirini mfuturu pamoja. Nimeona makundi ya Wakristo wakifanya hivi bila kuambiwa na mtu, mabaharia wakawa wanawaulizia mwaka uliofuata.

Kula pamoja au mbalimbali

Hapa ndo penyewe.

Kwenye mashua na majahazi ya kwetu desturi ni sinia. Wali unapakuliwa katikati, mchuzi juu, watu wanazunguka, wanaume kwao na wanawake kwao kama kundi ni la kuchanganyika na wenyewe wanapenda hivyo, mikono inanawishwa kwa birika, bismillahi, mnaanza. Kila mtu anakula mbele yake. Nyama na samaki havikimbiliwi, vinagawiwa na mkubwa wa sinia, na ukiwa mgeni utaona vipande vizuri vinasogezwa upande wako bila maneno, na wewe ukivunja kimoja ukasogeza kwa kijana wa jirani yako umeongea lugha ambayo kila mtu hapo anaielewa.

Lakini siku zote kuna mmoja ambaye hayupo kwenye sinia. Ni yule aliyeshika usukani. Nyie mnakula, yeye macho yako kwenye tanga na mikono kwenye usukani, harufu ya mchuzi wa pweza inampata kuliko mtu yeyote. Chakula chake kinatolewa mwanzo kabisa kabla sinia halijaguswa, sahani yake mwenyewe, kipande chake cha maana, kinafunikwa kwa kawa na kuwekwa pembeni mpaka atakapopokelewa. Mpishi mzuri anafanya hivyo mwenyewe. Ila nyie mkipakua wenyewe, mtu wa kwanza kumkumbuka ni huyo. Sijui kitu kidogo kama hicho kinachompa baharia heshima kubwa namna hiyo, akija akafunua kawa akakuta kichwa cha changu na ukoko wa wali wa nazi anajua kuna watu walimfikiria.

Na mabaki yasiwe ndo chakula cha mabaharia. Naliandika hili kwa uchungu. Kuna safari niliyoipikia, kundi lilikula likamaliza minofu yote, halafu mmoja akasema kwa sauti ya upole kabisa "hayo yaliyobaki wape vijana". Yaliyobaki yalikuwa mifupa na wali wa chini. Vijana wakala mkate na chai wakanyamaza, wala hakuna aliyelalamika, lakini ile jioni hakuna aliyeimba, hakuna aliyewaonyesha wageni nyota, kila mtu alifanya kazi yake akalala. Hela ya chakula cha mabaharia ilikuwa imelipwa. Kwa hiyo kanuni ni moja: chakula cha mabaharia kinapakuliwa pamoja na chenu au kabla, kwenye sinia lao, na kama kuna samaki 12 na watu 12 kila mtu ana wake.

Kwenye katamarani mambo ni tofauti kidogo. Kule mara nyingi nahodha na mpishi wanakula peke yao, baada yenu au jikoni, na wengi wanapenda hivyo kwa sababu ile nusu saa ndo mapumziko yao, hawataki kuulizwa maswali ya upepo na kutabasamu huku wanatafuna. Mkaribisheni mara moja, kwa dhati, "nahodha karibu tule, mpishi karibu mezani". Akisema "ahsanteni, nyie endeleeni" mwache. Kumvuta mkono na kumwambia utatukasirisha ni kumnyima mapumziko. Akikubali kukaa, akae kama mgeni, msimtume maji ya kunywa akiwa kwenye kiti.

Mkitia nanga Pangani au Kigombe mkaamua kula nchi kavu, ulizeni mapema nani anabaki kwenye chombo maana lazima mmoja abaki, na mumletee chakula chake kikiwa cha moto, sio chipsi zilizolala.

Jiko ni la mpishi

Kwenye mashua nyingi jiko ni sanduku la mbao lenye mchanga, juu yake mafiga au jiko la mkaa, linawekwa upande wa chini ya upepo ili moshi na cheche ziende baharini zisiende kwenye tanga. Ukikaa kati ya jiko na ukingo unamziba mpishi, na chombo kikilala ghafla chungu kinakuja kwako. Watoto wasogezwe mbali kabisa. Kwenye katamarani jiko ni la gesi na mpishi anafunga mtungi akimaliza, usifungue kuchemsha maji ya kahawa usiku bila kumwambia.

Kama unataka kusaidia, na wanawake wengi wa kwetu hawawezi kukaa wakimwangalia mtu anapika peke yake, sema "mpishi, nikupe mkono wapi?" Atakupa mbuzi ukune nazi, au vitunguu, au umenye viazi. Fanya ulichopewa. Usionje chungu chake kwa mwiko wake, usiongeze pilipili, na usimwambie nyumbani kwenu pilau linapikwaje. Ukitaka pilau ya kwenu ombeni siku moja mpike nyie yeye apumzike, wengi wanafurahi mno, nimeona mpishi wa makamo amekaa kwenye omo, mbele ya chombo, amenyoosha miguu anakula pilau ya wageni kama bwana harusi.

Maji yasiyo na chumvi ni ya kuhesabu. Vyombo vinaoshwa kwanza kwa maji ya bahari halafu vinasuuzwa na maji kidogo ya bomba, na kuoga ni kujimwagia, kuzima, kupaka sabuni, kujimwagia tena. Mtu mmoja akioga dakika kumi amekunywa chai ya watu wote.

Tumbo na bahari

Kaskazi ya Desemba mpaka Machi ni tulivu kuliko kusi, na kusi ya Juni na Julai inapiga kweli, kwa hiyo menyu ifuate. Asubuhi ya kuondoka msile mbaazi za nazi na vitumbua vya mafuta mkajaza tumbo, kuleni mkate mkavu, muhogo wa kuchemsha, chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla hamjaondoka, ukishaanza kutapika umechelewa. Ukijisikia vibaya kaa katikati, angalia mbali mstari wa bahari na mbingu, na kama lazima utapike nenda upande wa demani, ule wa chini ya upepo, ukiwa umeshikwa na mtu. Ukienda upande wa goshini, ule upepo unakotokea, kitakurudia wewe na wote walio nyuma yako. Hakuna aibu hapo, mabaharia wamezoea, mwambie tu mapema akushike.

Mengine ni mafupi. Viatu vinavuliwa, miguu isuuzwe mchanga kabla ya kupanda. Usikanyage wala kukalia kamba, na ukisikia nahodha anaita watu wageuze tanga inama na nyamaza, foromali, ule mti unaobeba tanga, likipita haliangalii mtu. Watoto wavae jaketi la kuokolea muda wote, hata wakati wa kula. Choo cha kupampu hakimezi karatasi, wala pedi, wala kitambaa, kikiziba anayekizibua ni yule kijana anayewaletea chai. Usiku sauti chini baada ya chakula, kuna watu wana zamu saa nane. Na picha ombeni, hasa mtu akiwa anakula au anaswali.

Kumalizana

Malalamiko mpelekee nahodha, pembeni, kwa upole. "Nahodha, naomba tuongee kidogo, chakula cha jana jioni kilikuwa na chumvi kali na mama ana presha." Atalimaliza bila mtu kuaibika. Ukimsema mpishi mbele ya wenzake umemvunja na utakula chakula cha mtu aliyevunjika siku zilizobaki.

Bakshishi: kule nje Karibea wanatoa kama asilimia 15 mpaka 20 ya bei, Mediterania 5 mpaka 15, wanampa nahodha kwenye bahasha siku ya mwisho naye anagawa. Kwetu hakuna kiwango kilichoandikwa. Ushauri wangu ni kumi ya mia mkiweza, na msipoweza toeni mnachoweza ila kitoke kwa kundi zima, kiwe kimoja, mkabidhi nahodha mkiwa mmesimama wote na vijana wakisikia, "nahodha, hii ni ya kwenu wote, ahsanteni kwa kazi". Ukimpenyezea mmoja mfukoni kwa siri unapanda fitina. Mpishi kama mnataka kumpa zaidi, mwambieni nahodha kabla.

Chakula kilichobaki kizima, mchele ambao haujafunguliwa, mafuta, sukari, unga, msirudi nacho Dar. Kigaweni pale ufukweni kwa mpishi na vijana, kama mlinunua nyie. Kama alinunua mpishi kwa hela yenu, kaeni chini mpitie risiti na zile hesabu za sokoni zisizo na risiti kabla gari halijawashwa, chenji irudi au iachwe kwa maneno ya wazi, na picha zile mlizowapiga wakiwa kwenye kamba muwatumie WhatsApp siku hiyohiyo kabla hamjasahau, wanazisubiri kweli.